Bwana Sengier na Mapipa Elfu Mbili

Nilikutana na Edgar Sengier kwanza kama neno, si kama mtu. Mwaka jana nilikuwa nakusanya msamiati wa migodini kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho wa masomo: majina ambayo watu wa Likasi na Kolwezi huyatumia kwa mawe, vyombo na vyeo. Katika orodha moja ya madini, ya karatasi zilizogeuka manjano, nikakuta sengierite. Ni jiwe la kijani lenye shaba, urani na vanadi, lililotambuliwa mwaka 1949 huko Luiswishi, karibu kabisa na Lubumbashi. Mofolojia yake haina fumbo: jina la mtu, kisha kiambishi tamati cha madini. Nikauliza mtu huyo alikuwa nani. Wenzangu watatu niliosoma nao hawakumjua. Nkambo wangu, aliyezaliwa katika kampi ya Panda, alijibu kuwa huyo alikuwa mukubwa wa Union Minière, mmoja wa wale waliokaa mbali, kisha akaendelea na chakula chake.

Naandika maisha yake hapa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni deni la orodha ile, maana mtu akitoa jina kwa jiwe la kwetu ni haki tujue alifanya nini. Ya pili ni mjadala tuliofanya muhula uliopita kuhusu vita vya kisasa. Wengi walishikilia kwamba huamuliwa na majenerali, ndege na mizinga, na kwamba raia kazi yao ni kuvumilia. Mimi nilisema kwamba vita hivyo huwa vimekwisha kuamuliwa nusu kabla ya risasi ya kwanza, katika reli, bohari, maabara na daftari za hesabu. Nilishindwa, kwa kuwa sikuwa na mfano wa kuweka mezani. Sasa ninao, na umetoka kilomita chache tu nje ya Likasi.

Sengier alizaliwa Kortrijk, Ubelgiji, tarehe 9 Oktoba 1879. Alisomea uhandisi wa migodi katika Chuo Kikuu cha Leuven, akamaliza mwaka 1903, na mwaka 1911 akaingia Union Minière du Haut-Katanga. Kampuni yenyewe ilikuwa bado changa. Iliundwa mwaka 1906, reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, na shaba ya kwanza ikayeyushwa katika tanuri la Lubumbashi mwaka huohuo aliojiunga yeye. Alikua pamoja na kampuni hiyo, kutoka mhandisi hadi mkurugenzi, na mwishowe akawa mmoja wa watu wenye kauli kubwa Brussels juu ya mambo ya Katanga. Miaka hiyo ya kupanda ngazi naipita haraka. Ni miaka ya mikutano, mikopo na tani za shaba, na ukiiona mmoja umeiona yote.

Jambo moja tu la miaka hiyo nataka libaki akilini. Katika vita vya kwanza vya dunia Ubelgiji karibu yote ilikaliwa na Wajerumani kwa miaka minne, lakini shaba ya Katanga iliendelea kuchimbwa na kwenda kwa Washirika kutengenezea makombora. Nadhani mtu aliyeyaona hayo akiwa ndani ya kampuni hakuweza kusahau kwamba makao makuu yanaweza kutekwa na mgodi ukabaki huru, mradi kuna mtu nje mwenye sahihi inayokubalika na njia ya kufika baharini.

Mwaka 1915 Mwingereza Robert Sharp alitambua madini ya urani mahali paitwapo Shinkolobwe, na uchimbaji ukaanza mwaka 1921. Watu husimulia kwamba Shinkolobwe ni jina la tunda lenye kuunguza mdomo. Mimi kama mwanafunzi wa isimu naisikiliza hadithi hiyo kwa tahadhari, kwani majina ya mahali huvutia maelezo baada ya tukio, na tukio la hapa lilikuwa la moto mkubwa kuliko yote. Tuache hapo. Wakati ule hakuna aliyechimba Shinkolobwe kwa ajili ya urani. Walitaka radiumu, iliyotumiwa hospitalini kutibu saratani na viwandani kupakia rangi ya kung'aa gizani. Mawe yalisafirishwa hadi kiwanda cha Olen, Ubelgiji. Gramu ya kwanza ya radiumu ilipatikana huko mwishoni mwa mwaka 1922, na baada ya muda mfupi kampuni ikalishika soko la dunia. Urani yenyewe ilikuwa mabaki. Kidogo kilinunuliwa na watengeneza vyombo vya udongo na vioo kwa ajili ya rangi, na kilichobaki kilirundikwa.

Mwaka 1937 mgodi ulifungwa, kwa sababu akiba iliyokwisha kuchimbwa ilitosha soko kwa miaka mingi. Maji yakajaa mashimoni. Juu ya ardhi yalibaki malundo ya mawe yaliyochaguliwa, mazuri kuliko yote yaliyojulikana duniani: kwa wastani zaidi ya nusu ya uzito wake ilikuwa oksidi ya urani, huku mawe ya Kanada na ya Colorado hayakukaribia hata sehemu ndogo ya kiasi hicho. Sitaki kumpamba Sengier mahali asipostahili. Rundo lile halikuwekwa kwa kuona mbali. Liliwekwa kwa kukosa mnunuzi. Hekima yake ilikuja baadaye, nayo ilikuwa ya aina moja tu: alijua ana nini, kiko wapi, na ni kiasi gani. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na huyu alikuwa mtu wa daftari.

Mwishoni mwa mwaka 1938, Berlin, Otto Hahn na Fritz Strassmann waligundua kwamba kiini cha urani kinaweza kupasuka. Miezi michache baadaye, Mei 1939, Sengier alikuwa London. Huko alikutana na Sir Henry Tizard, mwanasayansi aliyekuwa akiishauri serikali ya Uingereza, ambaye alitaka Waingereza wapewe haki ya kwanza juu ya urani yote ya Shinkolobwe. Sengier alikataa. Tizard hakulazimisha, lakini kabla ya kuagana alimwonya kwamba alicho nacho mkononi kinaweza kuwa balaa kwa nchi zao zote mbili kikiangukia mikono ya adui. Siku chache baadaye wanasayansi wa Ufaransa, Frédéric Joliot-Curie akiwa miongoni mwao, walimwendea kwa shauri la kushirikiana, akakubali, ila vita vilikatiza mpango huo. Angalia basi: katika wiki hizo chache mfanyabiashara huyu, asiye na cheo chochote cha jeshi, alijulishwa jambo ambalo majenerali wengi wa Ulaya hawakulijua hadi mwaka 1945.

Hapa kuna kisa kidogo ambacho sisi watu wa Lubumbashi tunapaswa kukijua. Kiangazi hichohicho, Leo Szilard na wenzake waliokimbilia Marekani walihofu kwamba Wajerumani watainunua urani ya Kongo. Wakaenda kwa Albert Einstein, kwa kuwa alifahamiana na Malkia Elisabeth wa Ubelgiji, wakidhani amwandikie yeye. Ni Elisabeth huyohuyo ambaye jiji letu lilibeba jina lake hadi mwaka 1966. Mwishowe barua kubwa ikaelekezwa kwa Rais Roosevelt, yenye tarehe 2 Agosti 1939, na ndani yake Kongo ya Ubelgiji imetajwa kuwa chanzo muhimu kuliko vyote cha urani. Kongo inatajwa, watu wa Kongo hawatajwi. Lakini hilo ni la kawaida katika maandishi ya wakati ule.

Oktoba 1939 Sengier aliondoka Brussels kwenda New York, na huko akaongoza shughuli za kampuni hadi vita vilipoisha. Kabla ya kuondoka alitoa amri mbili. Ya kwanza ilikuwa kwamba radiumu iliyokuwepo, gramu 120 hivi, ipelekwe Uingereza na Marekani. Ikapelekwa. Ya pili ilikuwa kwamba mawe ya urani yaliyoko Olen nayo yavushwe bahari. Hiyo ilicheleweshwa. Tarehe 10 Mei 1940 Wajerumani wakaivamia Ubelgiji, na mzigo wa Olen ukawa wao.

Waandishi wengi hulipita jambo hili haraka ili wafike kwenye ushindi. Mimi naona ndilo kipimo cha hoja yangu. Wajerumani walikuwa na mawe ya Shinkolobwe. Hawakuyatafuta kwa manowari wala kwa majasusi, waliyakuta bohari. Mwezi Aprili 1945 kikosi cha Wamarekani kilichotumwa kutafuta urani hiyo kiliipata Stassfurt, ndani ya Ujerumani, tani 1,100 hivi. Zilikaa mikononi mwa Wajerumani karibu miaka mitano na hazikuwa bomu. Kwa nini? Kwa sababu maandalizi mengine yalikuwa yamebomolewa na wao wenyewe. Sheria ya Aprili 1933 iliwafukuza Wayahudi katika kazi za serikali, vyuo vikuu vikiwemo, na watu waliofukuzwa na kukimbia miaka hiyo ndio waliokuja kulisukuma jambo hili Uingereza na Marekani. Waliobaki waligawanyika katika vikundi vilivyogombania mawe hayohayo, na mwaka 1942 jeshi la Ujerumani likaliachia jambo hilo watafiti kwa kuona halitafaa katika vita vile. Rundo la mawe lisilo na watu wa kulisoma ni rundo la mawe. Chuo kikuu kilichofukuza walimu wake mwaka 1933 kilikuwa kimeshindwa vita vya mwaka 1945, na siku ile hakuna askari aliyelijua hilo.

Turudi New York. Baada ya Ubelgiji kuanguka, Gavana Mkuu Pierre Ryckmans aliiweka Kongo upande wa Washirika. Lakini katika mwaka 1940 hakuna aliyeweza kuapa kwamba Wajerumani hawatafika Afrika ya Kati. Sengier, aliyekwisha kupoteza mzigo wa Olen kwa uzembe wa miezi michache, hakutaka kurudia. Aliagiza watu wake wa Katanga wasafirishe kimyakimya malundo yaliyokuwa Shinkolobwe kwenda New York. Hakuna serikali iliyomwomba. Hakuna mnunuzi aliyekuwepo. Kwa hesabu za kawaida za biashara ilikuwa hasara tupu: nauli ya meli wakati wa vita, bima, kodi ya bohari, kwa bidhaa ambayo soko lake lilikuwa rangi ya vikombe.

Mwezi Septemba na Oktoba 1940 zaidi ya tani 1,250 za mawe zilipita Lobito. Yalisafiri ndani ya mapipa ya chuma yaliyozidi 2,000, yakafikia bohari moja ya kisiwa cha Staten, kando ya bandari ya New York. Na hapo yakakaa.

Yalikaa karibu miaka miwili. Marekani ilipoingia vitani na utafiti wa bomu kuanza kwa bidii, wataalamu wake walihangaika wakijiuliza urani itatoka wapi. Mwezi Machi 1942 Sengier aliwaambia watu wa wizara ya mambo ya nje ya Marekani kwamba ana mawe yenye thamani kubwa. Akarudia tena baadaye. Wao walikuwa wanataka kobalti. Siri ilikuwa imefungwa kabisa hata wizara yenyewe haikujua kwamba nchi yake ina haja na urani. Nikisoma sehemu hii huwa nacheka kidogo, halafu naacha. Mzigo ulioamua vita ulikuwa umbali wa safari fupi ya mashua kutoka ofisi ya mwenyewe, na mwenyewe alikuwa akibisha hodi kwenye mlango usiojua unatafuta nini.

Mlango ulifunguka tarehe 18 Septemba 1942. Kanali Kenneth Nichols, msaidizi wa Jenerali Leslie Groves aliyekuwa ameteuliwa siku moja tu kabla, aliingia ofisini kwa Sengier. Sengier alikuwa amechoka na wageni wenye maswali. Alitaka kwanza kuona vitambulisho, kisha akataka kujua kama mgeni amekuja kuzungumza tu au kufanya biashara. Akauliza pia kama mawe yatatumika kwa vita. Nichols akasita, na Sengier akamwonyesha kwamba jibu halihitajiki. Katika muda wa saa moja hivi walikubaliana, na makubaliano yakaandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya manjano ya ofisi: mapipa yote ya Staten yatauzwa kwa jeshi la Marekani, na mawe yaliyobaki juu ya ardhi Shinkolobwe, tani kama 3,000, yatafuata.

Yalifuata. Kwanza kwa Lobito, kisha, bandari hiyo ilipoonekana si salama, kwa njia ya ndani: treni hadi Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo, mashua juu ya Kasai na mto Kongo hadi Léopoldville, treni tena hadi Matadi. Shehena mbili zilizama baharini. Wahandisi wa jeshi la Marekani walikuja kusaidia kufungua upya mgodi uliojaa maji, na Septemba 1944 Marekani, Uingereza na Ubelgiji zikatia sahihi mkataba wa kushika urani ya Kongo. Karibu theluthi mbili ya urani yote ya mradi ule, kwa hesabu zinazokubaliwa na wengi, ilitoka Kongo. Wingi huo una maana kwa sababu katika urani ya asili sehemu inayofaa kwa bomu haifiki hata moja katika mia. Kutoka malundo ya mawe, kwa viwanda vikubwa vya Oak Ridge, zikapatikana kilo 64 za urani iliyorutubishwa ndani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Bomu la Nagasaki lilikuwa la plutoniamu, lakini plutoniamu nayo huzaliwa na urani. Hiroshima peke yake walikufa watu wanaokadiriwa kufika 140,000 kabla ya mwaka kwisha.

Katika mjadala wetu ningeishia hapo na kudai ushindi: mtu wa daftari amefanya kilichowashinda wenye mizinga. Lakini nilipoendelea kusoma niliona kwamba amri ya Sengier, mistari michache kutoka New York, isingekuwa chochote bila maandalizi ambayo hayakuwa yake, na ambayo majina ya waliyoyafanya hayakugeuzwa kuwa majina ya mawe.

Fikiria amri hiyo inavyofika Shinkolobwe. Kwanza lazima kuwe na reli. Njia ya Benguela, kilomita 1,344 ndani ya Angola peke yake, iliunganishwa na ya Katanga mwaka 1931. Njia ya Port-Francqui ilimalizika mwaka 1928. Zilijengwa kwa ajili ya shaba na faida, na kwa mikono ya watu wengi ambao hawakuja kwa hiari. Kisha lazima mawe yawe yamekwisha kuchaguliwa. Mashine haikutenganisha jiwe zuri na baya. Jicho na mkono ndivyo vilivyofanya, bila kinga ya maana dhidi ya mnururisho.

Kisha, na hapa narudi kwenye fani yetu, lazima kuwe na lugha. Baba wa nkambo wangu alikuja kutoka Kasai. Waliokuwa naye kazini walitoka Rwanda, Burundi, Rhodesia ya Kaskazini, Lomami. Tangu miaka ya 1920 Union Minière iliacha polepole kutegemea vibarua wa miezi michache, ikajenga kampi za kudumu zenye wake, shule, zahanati na posho ya kila juma. Katika kampi hizo Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi na ya malezi. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na mamlaka ya kikoloni, ameonyesha jinsi Kiswahili cha Katanga kilivyohusiana na utawala na kazi, ingawa wasemaji wake walikifanya chao wenyewe. Mimi naongeza neno moja tu kwa upande wa vita. Kapita aliyeambiwa apakie mapipa usiku hakuhitaji wakalimani watano. Alisema mara moja, kwa Kiswahili, na treni ikaondoka. Hakuna aliyekiweka Kiswahili katika hesabu za silaha za Washirika, na mimi sijui wangeandika kiasi gani, lakini kilikuwemo.

Ila lugha iliyoweza kutoa amri haikutumiwa kutoa habari. Kila mahali mradi huu ulifunikwa kwa majina yasiyosema kitu. Waingereza waliuita Tube Alloys, yaani aloi za mabomba, na Wamarekani wakautungia jina la wilaya ya wahandisi ya Manhattan, jina la kuchosha kwa makusudi. Wanasayansi walau walijua kwamba wamenyamazishwa. Wachaguaji wa mawe hawakujua hata kwamba kuna siri.

Nao walikuwa na vita vyao. Bei zilipanda, mishahara haikupanda, na kazi ziliongezwa kwa jina la juhudi ya vita. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai nyongeza. Hapa Elisabethville askari waliwapiga risasi waliokusanyika kwenye uwanja wa mpira, wakafa makumi ya watu, mmoja wao Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake. Mapipa ya Staten wakati huo yalikuwa yamekaa zaidi ya mwaka, yakilipiwa bohari. Sidai kwamba Sengier aliamuru risasi zile. Alikuwa New York, na waliofyatua walikuwa askari wa koloni. Lakini kampuni ilikuwa yake kuiongoza, na mtu aliyeweza kulipia miaka miwili ya bohari kwa bidhaa isiyo na mnunuzi hawezi kutetewa kwamba alikosa fedha ya nyongeza. Kwenye daftari lake mawe yalihesabiwa kuwa akiba, na watu walihesabiwa kuwa gharama. Nimejaribu kulisema hili kwa upole zaidi, nikashindwa.

Baada ya vita, mwaka 1946, Groves alimvisha nishani ya juu ambayo Marekani iliwapa raia wakati ule, bila shangwe, kwa kuwa sababu zake zilikuwa bado hazisemeki. Mwaka 1949 likaja lile jiwe la kijani. Shinkolobwe iliendelea kutoa urani kwa Wamarekani katika miaka ya 1950, chini ya ulinzi mkali. Kutoka katika mapatano hayo Ubelgiji ilipata nafasi katika utafiti wa nyuklia, na mwaka 1959 kinu kidogo cha utafiti, cha kwanza barani Afrika, kikaanza kazi Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa. Mgodi ulifungwa kabla ya uhuru na mashimo yake yakazibwa kwa saruji. Sengier alifariki Cannes, kusini mwa Ufaransa, tarehe 26 Julai 1963, akiwa na miaka 83, miezi sita baada ya kujitenga kwa Katanga kumalizika. Mwaka 1967 Union Minière ya hapa ikataifishwa, na ndiyo iliyokuja kuitwa Gécamines.

Nilipomaliza rasimu hii nilirudi kwa nkambo na daftari langu la msamiati. Nilitaka kujua kama baba yake, aliyechagua mawe Shinkolobwe, alikuwa na jina la Kiswahili, au la Kiluba, au lolote, la jiwe lile. Nilitegemea neno zuri la kupamba sura ya tatu ya kazi yangu. Akafikiri kwa muda mrefu. Akasema baba yake hakuwahi kulitaja kwa jina. Alisema tu mawe mazito. Alirudi jioni, akanawa, akalalamika mikono, na mkewe alipomuuliza leo mlichagua nini, alijibu mawe mazito. Nimeliingiza katika orodha chini ya herufi M, baada ya mashine.